Ua la sebuleni lisilete maradhi

Ukinunua pothosi, lile ua litambaalo lenye majani ya kijani na mabaka ya manjano, chagua lenye mabaka mengi. Liweke karibu na dirisha, lisipigwe na jua kali; penye giza mabaka hufifia. Mwagilia udongo wa juu ukikauka.

Majani yake yakitafunwa huwasha na kuvimbisha kinywa, hivyo litundike mbali na watoto.

Ukiliotesha kwenye chupa ya maji, kila wiki badili maji na usugue chupa ndani, kwani mayai ya mbu wa dengue hunata humo. Ugonjwa huo uliikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Uislamu umetuhimiza usafi, tuuanzie nyumbani.