Mvua Kubwa na Hospitali: Mtaro Ukijaa, Maji Yataelekea Wapi?

Sisi tunaoishi Oman hatujakisahau kimbunga Gonu cha Juni 2007, wala Shaheen kilichoipiga pwani ya Batinah tarehe 3 Oktoba 2021. Nyumba ikiingia maji, watu huhama. Hospitali haihami kirahisi: yuko mgonjwa anayepumua kwa mashine, yuko na mama aliyeshikwa na uchungu. Kwa hiyo njia ya maji hupangwa kabla ya jengo.

Hesabu yake si ngumu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kiwanja cha hekta 4 kikipata milimita 50 kwa saa moja, kimepokea lita milioni 2. Paa, lami na saruji hazinywi maji. Tukikadiria kuwa asilimia 85 yanatiririka, hayo ni malori 170 ya maji yenye lita 10,000 kila moja, ndani ya saa hiyo hiyo.

Mhandisi hupanga njia mbili. Ya kwanza ni mitaro na mabomba ya mvua za kawaida. Ya pili ni ardhi yenyewe: barabara na maegesho huinamishwa ili mitaro ikifurika, maji yaende mbali na milango. Tarehe 16 Aprili 2024, eneo la Al Ain lilipata zaidi ya milimita 250 chini ya saa 24. Mvua kama hiyo haitoshi kwenye mabomba.

Kuna pia maji ya wadi. Nasema bonde, si wadi ya wagonjwa. Hayo hutoka milimani hata kama kwenu ni jua. Huzuiwa kwa mtaro wa kinga upande wa juu wa kiwanja.

Halafu, jenereta isiwekwe chini ya ardhi. Barabara ya gari la wagonjwa isikatwe na wadi. Maji machafu yawe na bomba lake peke yake. Bwawa la kupokea mafuriko likauke ndani ya siku mbili, lisizalishe mbu.

Adui wa mwisho ni mchanga. Miezi mingi bila mvua, mtaro hujaa kimya kimya. Usiposafishwa mapema, ni kama haupo.

Maji hufuata mkondo. Hospitali mpya ikijengwa karibu nanyi, ulizeni: mtaro ukijaa, mkondo ni upi?