Gobori, Rifle na Rekodi za Kamiti

Jozi ya pembe za ndovu nzito kuliko zote zinazojulikana haikutokana na bunduki ya tajiri. Mwaka 1898, miteremkoni mwa Kilimanjaro, ndovu huyo aliangushwa, kama isimuliwavyo, na mtumwa mwenye gobori, bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu kwa mdeki. Pembe zikauzwa Zanzibar, na sasa zimo katika jumba la makumbusho la London. Moja ilipimwa kilo 102, nyingine 97, na zote mbili zinapita urefu wa mita 3.

Kwa gobori, mwindaji ana risasi moja tu. Kabla hajashindilia ya pili, mnyama ameshapotea au ameshamfikia. Kwa hiyo anayechagua gobori huchagua umbali kwanza. Marekani, ambako majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hizi, wengi hupenda mtutu wa nusu inchi na husogea karibu, kwa maana risasi ya mviringo hupungua nguvu upesi ikikaribia mita 100.

Ukubwa wa kupita kiasi una adhabu yake. Samuel Baker, aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alibeba gobori la kilo 9 hivi lililofyatua kombora la nusu ratili. Alikuwa mtu wa miraba minne, na bado lilimzungusha kila alipolifyatua.

Lakini Mwafrika alichaguliwa bunduki. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya bara hili, ukaacha mlango wazi kwa gumegume, yaani gobori la kuwashwa kwa jiwe, na baruti duni. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii: mwenyeji alibaki na risasi moja kwa sheria, huku mgeni akija na sanduku zima.

Mgeni mkubwa kuliko wote alifika upande wetu, Kenya, mwaka 1909. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifikia shamba la Juja la mlowezi William Northrup McMillan, akawinda viboko, kisha akafuata nyati kwenye mafunjo ya Mto Kamiti, jirani na Ruiru. Alikuwa na Springfield, Winchester na rifle ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Safari nzima, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512: simba 17, ndovu 11, vifaru 20. Mizoga mingi ilikwenda kwa watafiti wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, jambo lenye faida ya kweli kwa elimu. Hata hivyo, kwangu mimi hesabu hiyo inaonyesha uwezo wa kiwanda cha bunduki zaidi ya ustadi wa mwindaji. Aliyemkaribia ndovu wa Kilimanjaro akiwa na risasi moja ndiye ninayemvulia kofia.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tarehe 30 Aprili 2016 ikateketeza tani 105 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, moto mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo duniani.

Bondeni Kamiti sasa kuna kahawa, gereza na majengo ya kupanga. Aliye Thika akitaka kuona nyati apande Kilimambogo, mlima alikozikwa McMillan, mbuga ya taifa tangu 1967. Huko wapo bado, na haruhusiwi mtu kuingia na bunduki ya kuwindia, iwe gobori au rifle.