Oveni inacheza, friji haifungi: nani anawajibika Ujerumani?

Ukipanga nyumba Ujerumani, usishangae kukuta jikoni hamna kitu. Mabomba yanachungulia ukutani, kuna kisanduku cha umeme chenye mfuniko, basi. Makabati, sinki, jiko na friji utaleta mwenyewe. Ndivyo wengi wetu tunavyojikuta tunanunua kile wenyeji wanachokiita Einbauküche: makabati yaliyounganishwa, na vifaa vyote vimefichwa ndani yake. Baada ya wiki chache oveni inaanza kucheza. Mashine ya kuosha vyombo inainama mbele kila ukifungua mlango wake, na friji inanguruma usiku kucha. Ukipiga simu dukani, unaambiwa uongee na kiwanda. Kiwanda kinasema mashine ni nzima, tatizo ni la aliyeifunga. Aliyeifunga hapokei simu. Nimeona ndugu zetu wakikata tamaa hapo na kumlipa fundi mwingine kutoka mfukoni, ilhali sheria ilikuwa upande wao, na hilo linaniuma.

Mfumo huu una historia yake, na unaanzia Frankfurt. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Austria, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi zilizokuwa zikijengwa na manispaa. Lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kila droo na kila rafu ikiwa imepangiwa mahali ili mpishi asitembee bure. Majiko ya aina hiyo yalijengwa kama 10,000. Aliyesimamia mradi mzima wa nyumba hizo ni Ernst May, mtu ambaye baadaye aliacha alama kwetu pia: mwaka 1934, Ujerumani ikiwa mikononi mwa Wanazi, alihamia Tanganyika akawa mkulima, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi na kuchora mpango wa kuipanua Kampala.

Baada ya vita kuu ya pili, viwanda vya makabati na viwanda vya mashine vilizoea vipimo vya pamoja, na leo upana wa kawaida ni sentimita 60. Hapo ndipo mashine ilipopoteza uhuru wake. Friji ya kusimama peke yake, kama zile tulizokua nazo, inakuja imekamilika: ina miguu, ina mlango wake, na mgongo wake unapumua. Ya ndani ya kabati inategemea kabati kwa hewa, kwa uimara, hata kwa mlango. Kwa hiyo haijakamilika mpaka ifungwe, na kuifunga ni sehemu ya bidhaa yenyewe.

Chukua friji, maana ndiyo inayoumizwa zaidi. Joto linalotolewa kwenye vyakula lazima liende mahali. Hewa baridi inaingia chini, kupitia matundu kwenye ule ubao unaoficha miguu ya makabati, inapanda nyuma ya friji na kutokea juu. Viwanda vingi vinataka nafasi ya angalau sentimita 200 za mraba chini na juu. Fundi mwenye haraka anaukata ubao wa chini bila matundu, kwa sababu ukiwa mzima unapendeza zaidi. Kompresa inakosa kupumzika, bili ya umeme inapanda, na friji inakufa kabla ya siku zake.

Halafu kuna mlango. Ipo mifumo miwili. Katika wa kwanza, mlango wa kabati umefungwa moja kwa moja kwenye mlango wa friji, na bawaba za friji ndizo zinazobeba uzito wote. Katika wa pili, mlango wa kabati una bawaba zake, na milango miwili inaunganishwa kwa reli ndogo inayoteleza. Mifumo hii ikichanganywa, au mlango wa kabati ukipinda kidogo tu, mpira wa friji haushiki vizuri. Ingiza kipande cha karatasi kati ya mpira na friji, funga mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, hewa yenye unyevu inaingia, na yale mabonge ya barafu unayoyakwangua kila mara yanatokana na hapo.

Kuhusu jiko la umeme sitazunguka. Kile kisanduku ukutani kwa kawaida kina umeme wa fezi tatu. Waya wa nyutro ukikosewa, kifaa cha volti 230 kinaweza kupokea volti 400, na hapo kinaungua. Najua tunasaidiana, na kusaidiana ndiko kunakotuweka hai ugenini. Lakini kazi hii mpe fundi umeme mwenye sifa, na udai risiti.

Sasa sheria. Kanuni ya Kiraia ya Ujerumani, BGB, kifungu cha 434, inasema kwamba muuzaji akiwa ndiye aliyepaswa kufunga kifaa, basi kukifunga vibaya ni kasoro ya bidhaa yenyewe. Hata ukifunga mwenyewe ukakosea kwa sababu maelekezo aliyokupa muuzaji yalikuwa mabovu, kasoro ni yake. Haki hii ni ya miaka miwili tangu kukabidhiwa, na unamdai muuzaji, si kiwanda. Garantii ya kiwanda ni ahadi ya hiari inayokuja juu yake, kwa hiyo duka haliwezi kukusukumia huko. Kwa mikataba ya tangu tarehe 1 Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, inachukuliwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo.

Na je, mashine yenyewe ikiwa mbovu wakati umeshaifunga kabatini? Swali hilo liliwahi kufika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Mama mmoja wa Ujerumani alinunua mashine ya kuosha vyombo kwa intaneti, ikafungwa nyumbani kwake, kisha ikaonekana mbovu. Muuzaji alikubali kumpa nyingine, lakini akakataa gharama za kuing'oa ya zamani na kuifunga mpya. Tarehe 16 Juni 2011, katika kesi za Weber na Putz, mahakama iliamua kwamba muuzaji aifanye kazi hiyo mwenyewe au abebe gharama zake. Tangu mwaka 2018 jambo hili limeandikwa waziwazi katika kifungu cha 439.

Lakini haki hii inapotea kirahisi. Ukimwita fundi wako kurekebisha kabla ya kumpa muuzaji nafasi, kwa kawaida hutarudishiwa hela. Piga picha, andika barua au baruapepe ukieleza kasoro moja moja, na utaje tarehe ya mwisho. Wiki mbili zinatosha mara nyingi. Mafundi wakimaliza kazi na kukupa karatasi ya kusaini, andika kasoro unazoziona hapo hapo, kwa Kiswahili chako ikibidi, kisha usaini. Verbraucherzentrale, vituo vya ushauri wa watumiaji, vipo katika majimbo yote 16.

Kama makabati ni ya mwenye nyumba, mambo ni tofauti: yeye ndiye wa kutengeneza, na wewe una wajibu wa kumjulisha bila kuchelewa. Kodi inaweza kupungua kwa mujibu wa sheria, ila usikate hata senti kabla ya kuwauliza watu wa chama cha wapangaji, Mieterverein, maana ukikata kupita kiasi unaweza kufukuzwa kwa deni.

Anayebaki bila kinga ni yule anayenunua jiko zima kwa mpangaji anayehama. Mauzo ya mtu kwa mtu karibu kila mara huandikwa kwamba hakuna dhamana, na sheria inaruhusu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, vuta ule ubao wa chini utazame matundu, fungua mlango wa mashine ya vyombo mpaka mwisho uone kama inainama, tikisa oveni, na uulize nani aliunganisha umeme. Muuzaji akikataa usivute ubao, shusha bei au ondoka.