Mwaka wa Michezo Katika Shule ya St. Patrick's, Iten: Je, Mzazi Hupata Faida Gani?

Kila mwezi wa Januari, shule zifunguliwapo, barabara za Kenya hujaa wanafunzi wenye masanduku ya bati, magodoro na ndoo. Mzazi aliyeuza magunia yake ya mahindi, au aliyekopa katika chama cha ushirika ili apate karo, humsindikiza mwanawe hadi kituo cha basi, na kabla ya kuagana humpa neno la mwisho: "Soma, mwanangu; usiende kucheza." Neno hilo lina mapenzi ndani yake, wala hapana awezaye kumlaumu mzee aliyelisema. Lakini ndani ya sanduku lile lile, chini ya madaftari na sabuni, mara nyingi mna jozi ya viatu vya mbio. Mtoto anajua kwamba mwaka ulio mbele yake ni mwaka wa vitabu, na ni mwaka wa michezo pia.

Je, mambo hayo mawili hupatana? Au moja hulila jingine kama vile kwekwe zilavyo rutuba ya shamba? Swali hili huulizwa katika nyumba nyingi, za wakulima na za makarani. Vema kulijibu, si kwa maneno matupu, bali kwa kuitazama shule moja ambayo habari zake zimeenea ulimwenguni kote: Shule ya Sekondari ya St. Patrick's, Iten, katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet.

SHULE ILIYO JUU YA BONDE

Iten ni mji mdogo uliokaa ukingoni mwa Bonde la Kerio, mahali palipoinuka kiasi cha mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni ya baridi na nyepesi. Mgeni atokaye pwani akipanda kilima kimoja tu huhema na kutafuta mahali pa kuketi. Lakini mwili wa mwenyeji umekwisha kuizoea hali hiyo, na damu yake ina chembe nyekundu nyingi zaidi za kuchukua oksijeni. Watu wengi husema kwamba hiyo ndiyo siri yote ya wakimbiaji wa Iten. Maneno hayo yana kweli, lakini si kweli yote. Hewa hiyo hiyo huvutwa na shule nyingi za Bonde la Ufa, wala si zote zilizotoa mabingwa wa dunia. Yafaa basi kutafuta sababu nyingine.

St. Patrick's ni shule ya bweni ya wavulana. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na watawa wa shirika la Patrician kutoka Ireland. Mwaka 1976 alifika hapo mtawa mmoja kijana, Bruda Colm O'Connell, naye alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa amepata kufundisha mbio hata siku moja. Alimkuta Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake mkimbiaji mashuhuri Brendan Foster, akiwasimamia wavulana wa mbio. Na huyo alipoondoka, kazi ikamwangukia Bruda Colm. Kwa kuwa hakuijua, alifanya kama afanyavyo mwalimu mwenye busara: aliwatazama wanafunzi wake kwa makini, akawauliza, akasikiliza majibu yao, na polepole akajifunza kutoka kwao yale ambayo baadaye wageni wa mbali walisafiri kuja kujifunza kwake.

MUHULA WA KWANZA: KUPANDA

Mwaka wa michezo katika shule za Kenya hufuata mihula mitatu, nao wafanana sana na mwaka wa mkulima.

Muhula wa kwanza huanza wakati wa kiangazi. Barabara za Iten ni kavu, na vumbi jekundu huwafuata wakimbiaji kama moshi. Huu ndio wakati wa mbio za nyika na riadha, pamoja na michezo kama mpira wa kikapu, mpira wa mikono na mpira wa magongo. Katika shule za bweni siku huanza kabla ya jua: kengele hulia, wavulana hutoka gizani wakiwa na baridi mifupani, hukimbia, hurudi, huoga maji ya baridi, hunywa uji, na kuingia darasani.

Mashindano ya kwanza si ya shule na shule bali ya bweni na bweni. Mtu asiyejua huyadharau, akiyaona kuwa ni mchezo wa watoto tu. Lakini ni hapo ambapo mwalimu humwona mvulana mgeni shuleni ambaye hakuna aliyemjua, mwenye fulana iliyochanika, akimaliza wa nne nyuma ya wakubwa zake bila kuonyesha dalili ya kuchoka. Baada ya hapo washindi huiwakilisha shule, kisha kaunti ndogo yao, kisha kaunti, kisha jimbo, mpaka mashindano ya taifa. Katika kila ngazi wengi hurudi nyumbani na wachache huendelea. Na kijana hujifunza mapema kwamba kushindwa si aibu, ila kukata tamaa.

Njia ya Bruda Colm ilikuwa ni kutoharakisha. Kijana hakupewa kazi nzito ya watu wazima. Alifundishwa kwanza namna ya kukimbia vizuri: kuinua goti, kutuliza mabega, kupeleka mikono sawasawa na miguu, tena alikimbia polepole siku nyingi kabla ya kukimbia kwa nguvu siku moja. Mkulima ataelewa. Ng'ombe mchanga hafungwi jembe. Akifungwa, atalima msimu mmoja, kisha mgongo wake utaharibika.

MUHULA WA PILI: KUPALILIA

Muhula wa pili hufika pamoja na mvua. Uwanja huwa tope, na mpira wa miguu hutawala, pamoja na voliboli. Katika shule za wasichana netiboli nayo hushika nafasi. Huu ndio muhula wa makelele na nyimbo, wa kusafiri kwa lori au basi kwenda kucheza na jirani, wa kurudi usiku kwa shangwe au kwa kimya. Timu zinazoshinda katika taifa hukutana na wenzao wa Uganda, Tanzania, Rwanda na nchi nyingine jirani katika michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, ambayo kwa kawaida huchezwa mwezi wa Agosti. Hapo mtoto wa mkulima wa Marakwet huenda akala meza moja na mtoto wa mvuvi wa Mwanza, wakaongea Kiswahili, kila mmoja akistaajabia lafudhi ya mwenziwe.

Lakini muhula huu ndio wenye hatari pia. Tamaa ya kikombe imewapotosha walimu wengine hata wakaingiza timuni wachezaji wasio wanafunzi, wale waitwao mamluki, au vijana waliopunguza umri wao katika karatasi. Shule ya namna hiyo yaweza kupata kikombe cha kuweka kabatini, lakini imewafundisha watoto wake wizi mchana kweupe. Mzazi anayeona mwanawe akihamishwa kutoka shule hii hadi ile kwa ajili ya miguu yake, wala hapana anayeuliza habari za alama zake, ana haki ya kuuliza maswali.

Likizo nayo si wakati wa kulala. Tangu mwaka 1989 Bruda Colm alikuwa akiwakusanya vijana wa shule mbalimbali, wavulana kwa wasichana, katika kambi za mazoezi wakati wa likizo. Katika wasichana waliopitia mikono yake alikuwamo Janeth Jepkosgei, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 800 huko Osaka, Japani, mwaka 2007. Na David Rudisha, ambaye hakusoma St. Patrick's lakini alifundishwa na Bruda huyo huyo, alishinda mbio hizo katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuufikia.

MUHULA WA TATU: MTIHANI

Kisha huja muhula wa tatu, nao ndio jibu la swali la mzazi. Mahindi yamekauka shambani, na shuleni viatu vya mbio huning'inizwa ukutani. Tangu mwaka 1989, mtihani wa KCSE ulipoanza, muhula huu umekuwa wa watahiniwa wa kidato cha nne. Taa huwaka mapema, na mvulana aliyekuwa akishangiliwa mwezi wa Machi huinamia hesabu zake kama mwenziwe asiyejua hata kurusha mpira. Kukimbia kwake sasa ni kwa kunyosha viungo tu.

Wako vijana ambao hawataki kuufikia muhula huo. Tangu mbio za barabarani zilipoanza kulipa fedha nyingi, mvulana wa miaka 17 aweza kuona kwamba jirani yake amerudi kutoka ng'ambo, amenunua shamba na gari, na hakumaliza shule. Kwa nini basi yeye akae darasani? Huu ndio mtego. Kwa kila mmoja anayenunua gari wako wengi ambao goti liliwauma, au ambao walikuwa wepesi katika kijiji chao lakini si wepesi ulimwenguni. Hao habari zao haziandikwi.

WATU WANNE

Na watazamwe watu wanne waliosoma St. Patrick's.

Wa kwanza ni Mike Boit. Mwaka 1972 alipata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich. Miaka minne baadaye alikuwa miongoni mwa wepesi kuliko wote duniani, lakini Kenya pamoja na nchi nyingi za Afrika zilijiondoa katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow pia. Miaka bora ya mkimbiaji ikapita hivyo. Mtu aliyetegemea miguu yake peke yake angebaki mikono mitupu. Boit alikuwa amesoma. Aliendelea katika vyuo vikuu vya Marekani hadi akapata shahada ya udaktari wa elimu, akarudi nyumbani, akawa Kamishna wa Michezo wa Kenya na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Wa pili ni Ibrahim Hussein, aliyekwenda Chuo Kikuu cha New Mexico. Mwaka 1987 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za New York. Mwaka 1988 alishinda Boston, akimtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu baada ya kilomita 42. Akashinda tena Boston mwaka 1991 na 1992. Baadaye alisimamia kituo cha maendeleo ya riadha mjini Nairobi.

Wa tatu ni Peter Rono. Alikuwa mwanafunzi wa chuo huko Maryland, Marekani, mwenye umri wa miaka 21, alipowashangaza wote kwa kushinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988.

Wa nne ni Wilson Kipketer, aliyekwenda Denmark mwaka 1990 kama mwanafunzi. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, mwaka 1995, 1997 na 1999, na mwaka 1997 aliweka rekodi ya dakika 1 na sekunde 41.11 iliyodumu miaka 13. Hata hivyo, yeye naye hakukimbia katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, kwa sababu mambo ya uraia wake yalikuwa hayajakamilika.

Katika wanne hawa, hapana hata mmoja ambaye miguu yake ilimtenga na vitabu. Watatu walivuka bahari wakiwa wanafunzi au wakawa wanafunzi huko, na yule ambaye siasa za dunia zilimnyima Olimpiki mara mbili aliokolewa na elimu.

NENO KWA WAZAZI

Mtaala mpya wa Kenya umeitia michezo, pamoja na sanaa, katika moja ya njia tatu ambazo mwanafunzi wa sekondari ya juu aweza kuzifuata. Basi si rahisi tena kusema kwamba mchezo ni kupoteza wakati. Lakini ni rahisi sana kukosea upande wa pili, na kudhani kwamba mchezo peke yake watosha.

Mzazi mwenye busara atauliza mambo mawili wakati wa kufunga shule: mwanangu amekuwa wa ngapi uwanjani, na amekuwa wa ngapi darasani? Tena atamtazama mwalimu wa michezo kama amtazamavyo mtu anayemkodisha shamba: je, anataka mavuno ya msimu mmoja, au anaitunza ardhi?

Katika uwanja wa shule ya St. Patrick's imepandwa miti kwa heshima ya wanafunzi waliopata sifa duniani. Yule aliyepanda mti hakutazamia kuketi kivulini mwaka ule ule. Na mzee anayemsindikiza mwanawe kituoni mwezi wa Januari aweza kubadili neno lake kidogo, akamwambia: "Cheza, mwanangu, na usome, na siku ya mtihani nisikusikie umekwenda mbioni."