Miwani ya Kumfundisha Daktari Kumsaidia Mtoto Apumue

Leo tunazungumza juu ya dakika moja tu: ile ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Watoto wengi hulia wenyewe. Lakini kwa kila watoto kumi, mmoja hivi huhitaji kusaidiwa ndipo aanze kupumua, na wengi wa hao huitikia wakikaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wachache wanaobaki hupewa hewa kwa mfuko wenye barakoa ndogo ya kufunika mdomo na pua. Hewa hiyo yafaa ianze kabla dakika haijaisha. Ndiyo maana wakunga huiita dakika ya dhahabu.

Basi yule daktari kijana atakayekupokea leba, alijifunzia wapi? Hapa Nakuru, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Egerton hufanyia mafunzo katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ile wengi wetu bado twaiita PGH. Shida ni kwamba mtoto asiyepumua haji kwa ratiba. Mwanafunzi aweza kukaa leba siku nyingi asimwone hata mmoja, na akimwona, si haki amfanyie majaribio.

Hapo ndipo miwani ya uhalisia pepe inapoingia. Ni miwani mikubwa inayofunika macho yote, na mingine ndani yake ni simu tu. Ukiivaa unaona chumba cha kujifungulia na mtoto aliyelegea mbele yako. Ukigeuza kichwa, unaona upande wa pili wa chumba. Muda unahesabiwa, nawe unaulizwa: utafanya nini kwanza? Ukikosea unaambiwa papo hapo, unarudia hata mara ishirini, na hakuna mtoto anayeumia. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wa Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza mchezo wa namna hii uitwao LIFE, wa simu na wa miwani.

Je, yasaidia? Kule Busia, na Lagos nchini Nigeria, wauguzi na wakunga 274 walifundishwa, kisha wakagawanywa: wengine wajikumbushe kwa miwani, wengine kwa video, wengine bila hivyo viwili. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Baada ya miezi sita, ujuzi wa kutumia mfuko ulikuwa umepungua katika makundi yote, ingawa kwa wenye miwani ulipungua kidogo kuliko kwa wengine.

Mimi sishangai. Miwani huzoeza akili kuamua upesi, lakini mkono hauugusi uso wa mtoto. Barakoa isiposhika sawasawa hewa huvuja, na kifua hakipandi. Hilo hujifunzwa kwa mwanasesere, tena mara kwa mara, hata na sista mwenye miaka ishirini kazini.

Kwa hiyo mama, ukienda kliniki uliza: "Sista, hapa mna mfuko wa kumpa hewa mtoto mchanga? Na usiku, nani anajua kuutumia?" Si swali la dharau. Na siku yenyewe, mkunga akimchukua mtoto ghafla bila kukueleza, mwache afanye kazi. Maelezo utapewa baadaye.

Lakini mtoto akizaliwa njiani, tuseme mmetoka Olenguruone na gari limekwama matopeni? Mkaushe mara moja, tupa kando kitambaa kilicholowa, msugue mgongo. Asipigwe makofi, asining'inizwe miguu juu, asimwagiwe maji, hata kama nyanya amesisitiza. Akilia, mlaze kifuani mwako ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja na kichwa, maana baridi ya huko yaweza kumdhuru. Asipopumua, aliyefundishwa huduma ya kwanza ampulizie pumzi ndogo ndogo mdomoni na puani pamoja, na dereva akimbilie kituo cha karibu kabisa chenye mkunga, hata kama si kile mlichopanga.