Ngome ya Mombasa Iliyogeuzwa Nyumba ya Elimu

Msafiri aingiaye Mombasa kwa bahari huiona Ngome ya Yesu ukingoni mwa Mji wa Kale. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Aliyechora ramani yake ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliana wa Milan. Aliiweka juu ya mwamba wa matumbawe, akaipa buruji nne, hata umbo lake lafananishwa na mtu aliyelala chali.

Wageni wengi hupenda kutazama mizinga, lakini yafaa pia kuzisoma kuta. Juu ya lango pana jiwe lililoandikwa kwa Kireno mwaka 1639. Hapo Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira ajisifu kwamba aliijenga upya ngome, akawatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao dhalimu, akawaadhibu Pate na Siu.

Jiwe halielezi sababu ya uasi. Mfalme huyo ni Yusuf bin Hasan. Baba yake aliuawa kwa hila ya Wareno, naye akapelekwa Goa angali mtoto, akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Mwaka 1631 aliwageukia walezi wake, akaitwaa ngome. Basi jiwe lile ni shahidi wa upande mmoja tu. Katika chumba kimoja imo michoro ya merikebu na majahazi iliyoachwa ukutani na mabaharia. Wao hawakujisifu, ila waliandika waliyoyaona.

Waarabu wa Omani waliizingira ngome tangu 1696, wakaiteka 1698. Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Ajabu ni kwamba neno gereza lenyewe, kwa maelezo ya wataalamu wa lugha, latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa.

Kisha shirika la Gulbenkian la Ureno lilitoa pauni 30,000, kuta zikatengenezwa, na bwana James Kirkman akafukua mabaki ya kale. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika miongoni mwa urithi wa dunia.

Wazazi na walimu, wapelekeni watoto Ngomeni. Wafundisheni kuuliza mbele ya kila jiwe: nani aliyeandika haya, na ni nani ambaye hakupewa kalamu? Mtoto aulizaye hivyo hatadanganywa upesi na maandishi yoyote, yawe ya jiwe au ya karatasi.