Mgongo wa Mtoto Ukipinda, Karatasi Iseme Kweli

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali. Katika toleo hili tunataka tuongee juu ya karatasi za hospitali za mtoto ambaye mgongo wake umepinda. Wazazi wengi hutunza dawa vizuri, lakini karatasi huishia kuwashia jiko. Kumbe karatasi hiyo ndiyo inayomwongoza daktari wa kesho.

TUNAZUNGUMZIA NINI?

Ukimtazama mtu kwa nyuma, uti wa mgongo unatakiwa uwe umenyooka. Kwa watoto wengine hupinda kwenda kando, mfano wa herufi C au S. Madaktari huita hali hiyo skoliosisi. Mgongo ukijikunja mno kwenda mbele mpaka ukatoa nundu, hiyo ni kifosisi, ile watu wetu huita kibiongo. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kati ya watoto 10 wenye skoliosisi, karibu 8 chanzo chake hakijulikani. Si laana, si dhambi ya mzazi, na wala haikuletwa na kubeba mtungi wa maji. Mara nyingi huonekana mtoto anapobalehe na kurefuka haraka, na inayozidi sana huwapata wasichana zaidi.

Kumpima nyumbani ni rahisi. Mtoto asimame bila shati, aunganishe viganja, kisha ainame mbele polepole. Simama nyuma yake. Kama upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine, mpeleke hospitali.

NAMBA ZA UGONJWA

Kila ugonjwa umepewa namba na Shirika la Afya Duniani, ili daktari wa Lodwar na yule wa Mombasa waelewane. Orodha ya 10 ilikubaliwa mwaka 1990. Ile ya 11 ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022, kwa hivyo usishangae ukikuta namba za aina mbili. Katika orodha ya 10 utaona hizi:

M41.1 – skoliosisi ya mtoto anayekua, chanzo hakijulikani.
M41.4 – iliyoletwa na ugonjwa wa neva au misuli, kama vile polio au mtindio wa ubongo.
Q76.3 – mtoto amezaliwa na pingili ambazo hazikuumbika sawasawa.
A18.0 pamoja na M49.0 – TB ya uti wa mgongo.
M41.9 – skoliosisi ambayo aina yake haikuelezwa.
M54 – maumivu ya mgongo tu.

Sasa angalia hapa. Karani wa rekodi hamwoni mtoto, anaona maandishi ya daktari. Kama daktari ameandika "mgongo unauma" na kuishia hapo, karani ataweka M54. Hana ruhusa ya kubahatisha. Mtoto atakwenda hospitali nyingine na barua inayosema anaumwa mgongo kama mtu aliyelima siku nzima. Hata malipo yanaweza kukwama. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, haiwezi kuelewa upasuaji mkubwa unadaiwa wa nini ikiwa karatasi inataja maumivu peke yake.

Kwa TB kosa ni baya zaidi. Mtoto mwenye nundu iliyochongoka, homa, jasho la usiku, anayekonda au miguu yake inalegea, asingojee mwezi ujao. TB ya mgongo inatibika kwa dawa, lakini ikichelewa inaweza kumpooza.

MAMBO MATANO YA KUULIZA

Uliza kwa adabu, na uombe yaandikwe:

1. Ni ugonjwa gani hasa, na umeletwa na nini?
2. Umepinda sehemu gani, kifuani au kiunoni? Kwenda kulia au kushoto?
3. Ni digrii ngapi? Daktari hupima kwenye picha ya eksirei, kwa njia iliyoelezwa na Daktari John Cobb wa Marekani mwaka 1948. Chini ya digrii 10 haiitwi skoliosisi.
4. Mtoto bado anakua? Kwa msichana, waandike kama ameanza hedhi na lini.
5. Arudi tarehe gani?

Swali la tatu lina uzito wake. Kwa kawaida mtoto wa digrii 10 hadi 25 hutazamwa tu. Akifika 25 hadi 40 na bado anakua, anaweza kuvishwa mkanda maalum wa kuzuia usizidi. Akipita 45 au 50, upasuaji huanza kufikiriwa. Tuseme leo ana digrii 28. Amezidi au yuko vilevile? Kama mara ya kwanza iliandikwa 20, tunajua anaongezeka, maana zaidi ya digrii 5 si makosa ya kupima tu. Kama haikuandikwa kitu, daktari anaanza upya, na miezi ambayo mkanda ungemsaidia imekwisha kupita.

TUFANYE NINI?

Nunua faili moja ya mtoto. Weka humo barua ya rufaa, picha za eksirei na majibu yake, kadi na risiti, kwa kufuata tarehe. Picha usiikunje wala kuianika juani. Ukitoka kliniki, soma kabla hujafika langoni. Usipoelewa, rudi uulize. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona habari zilizoandikwa juu yako na mtoto wako, basi hapana kuogopa.

Nanyi mnaojua kusoma, wasaidieni majirani wasiojua. Kumsomea mama karatasi ya mtoto wake nako ni huduma.